Je, Binti Yetu Awe Tabibu wa Wenye Wazimu Walioshitakiwa?

Katika barua zilizotufikia kutoka Tabora imo moja iliyotukalisha kitako. Mwandishi wake ni binti wa Kiislamu anayesoma kidato cha sita, fizikia, kemia na biolojia, naye atuuliza swali ambalo hatujapata kuulizwa na kijana yeyote: je, yafaa mtoto wa kike wa Kiislamu asomee utabibu wa akili, na si utabibu wa akili tu, bali ule wa kuwapima na kuwatibu watu walioua, waliojeruhi au waliochoma nyumba moto, ambao mahakama yashuku kwamba akili zao hazikuwa timamu? Mama yake, asema, hulia kila jambo hilo linapotajwa. Baba yake hunyamaza. Bibi yake mzaa mama ndiye peke yake aliyemwambia asome, na sababu ya bibi huyo tutaieleza mbele.

Tungeweza kumjibu kwa mistari mitatu tukaendelea na barua nyingine. Lakini katika barua ile lilikuwamo neno moja lililokatwa kwa kalamu, kisha likaandikwa tena juu yake: neno "mjomba". Tulipoliona hilo tulifahamu kwamba swali halikuwa la masomo tu, tukaazimu kwenda wenyewe.

Tulikwenda kwa gari moshi la reli ya kati, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ambayo kwa sehemu kubwa yaifuata njia ya kale ya misafara: ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikalikata pori la Mgunda Mkali na kuingia Unyanyembe, kisha ikashika magharibi mpaka Ujiji. Burton na Speke walipowasili Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba 1857, walikuwa wamekwisha kuwa safarini zaidi ya miezi minne. Wazee wa Tabora hata leo huonyesha miembe na kusema kwamba imetokana na kokwa za maembe waliyokula wasafiri. Mpagazi aliyepandwa na homa hata akaweweseka, akautupa mzigo wake na kuanza kupigana na wenzake, hakuwa na hospitali wala kadhi wa kumsikiliza pale porini. Alifungwa kamba, au aliachwa.

Leo katika njia hiyo hiyo hupita msafiri wa namna nyingine, naye huenda kinyume, kutoka magharibi kuelekea mashariki. Huyu ni mahabusu. Ameshitakiwa Tabora, au Nzega, au Urambo, kwa kosa zito. Hakimu au jaji amemtazama kizimbani akaona hajibu kama wajibuvyo watu, au wakili wake amesema kwamba siku ya tendo hakuwa na akili zake. Basi ameamriwa apelekwe Dodoma, kwenye taasisi ya Isanga, akapimwe. Hukaa baina ya askari wawili, na abiria wengine huhamisha watoto wao viti vya mbali.

Isanga ni sehemu ya hospitali ya Mirembe, ambayo serikali ya Kiingereza iliijenga Dodoma mwaka 1927, na ambayo sasa ndiyo hospitali ya taifa ya maradhi ya akili. Kabla yake ilikuwako Lutindi, katika milima ya Usambara, nyumba iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa watoto waliookolewa utumwani, kisha ikageuka kuwa ya wagonjwa wa akili. Jina la Mirembe kila mtu analijua, lakini wengi wanalijua kwa mzaha. Mtu akisema neno lisilopendeza barazani huambiwa akatiwe tiketi ya Mirembe, na wote wakacheka. Twakiri kwamba hata sisi tumepata kucheka. Aliye na ndugu yake huko hacheki, na katika kila baraza yumo mmoja asiyecheka, ila hatumtazami.

Basi huyo tabibu ambaye binti yetu ataka kuwa, kazi yake ni nini? Tuanze na sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ambayo asili yake ni ya mwaka 1930, yasema kwamba kila mtu huchukuliwa kuwa na akili timamu mpaka kinyume chake kithibitike. Kisha yasema kwamba mtu hana hatia kwa tendo lake ikiwa wakati wa kulitenda, kwa sababu ya maradhi yaliyoishika akili yake, hakuweza kufahamu alitendalo, au hakuweza kujua kwamba hapaswi kulitenda. Mzizi wa maneno hayo ni shauri la Daniel M'Naghten, aliyempiga risasi katibu wa waziri mkuu wa Uingereza mjini London mwaka 1843 kwa kudhani kwamba chama cha utawala kilikuwa kikimwinda. Baraza lilimwona hana hatia kwa sababu ya wazimu, watu wakakasirika sana, na majaji wakatakiwa waeleze wazi ni lini wazimu huwa udhuru. Majibu yao yakasafiri na dola ya Kiingereza mpaka kwetu.

Wengi huchanganya maswali mawili ambayo tabibu hana budi kuyatenga. La kwanza: je, mtu huyu leo, hapa kizimbani, aweza kuelewa shitaka na kujitetea? La pili: je, siku ile, saa ile, alipotenda, akili yake ilikuwa wapi? Mtu aweza kuwa mzima leo na alikuwa mgonjwa jana. Aweza pia kuwa alitenda kwa akili zake zote, kisha gereza likamrukisha akili. Kwa swali la kwanza mgonjwa husubiriwa atibiwe, na akipata nafuu kesi yake huendelea. Kwa swali la pili, ikithibitika, mahakama hutamka kwamba amelitenda tendo lakini hana hatia kwa sababu ya wazimu. Naye haendi kwao siku hiyo, bali huwekwa chini ya ulinzi mpaka waziri mwenye dhamana ya sheria atoe amri juu yake, na aghalabu amri hiyo ni kukaa Isanga mpaka atakapoonekana kuwa aweza kurudi kwa watu bila ya hatari.

Hapo pana mizani mikali, kwani adhabu ya kuua kwa kukusudia katika Tanzania ni kifo, wala jaji hana hiari ya kutoa nyingine. Kwa hiyo karatasi ya tabibu huyu yaweza kumtenga mtu na kitanzi. Yaweza pia, ikiandikwa kwa uzembe, kumfungia mtu mzima miongoni mwa wagonjwa kwa miaka, au kumpeleka mgonjwa kwenye kitanzi kwa kuwa siku ya kupimwa alikaa kimya na kuonekana mtulivu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 humpa daktari wa hospitali siku 42 za kumwangalia mahabusu na kuipelekea mahakama taarifa kwa maandishi. Muda huo si mwingi. Katika siku hizo atazamwe alalavyo, alavyo na asemavyo anapodhani hasikilizwi. Apimwe damu, kwani malaria iliyopanda kichwani, kaswende ya miaka mingi na maradhi mengine ya mwili huvaa sura ya wazimu. Ichunguzwe kama ana kifafa, kwa maana mwenye kifafa aweza baada ya kuanguka kuinuka akatenda jambo asilolikumbuka kabisa. Waulizwe jamaa zake. Aulizwe askari aliyemkamata: je, mtu huyu alikimbia? Aliificha silaha, au alikaa nayo mkononi akizungumza peke yake mpaka watu walipofika? Na wako wanaojifanya wenda wazimu. Hao nao ni kazi ya tabibu, na mzoefu huwatambua, kwani mwenye kuigiza huigiza wazimu kama ausikiavyo kwa watu, hujibu kila swali kwa upuuzi, akachoka usiku akalala vizuri. Hali mgonjwa wa kweli mara nyingi hujitahidi kuonekana mzima.

Taarifa ikishaandikwa, daktari huenda akaitwa mahakamani kuulizwa juu yake, na mawakili hawamwonei haya. Tena jaji hafungwi na maneno ya daktari. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema hivyo. Mahakama huyapima pamoja na ushahidi mwingine, na mshitakiwa ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwamba yaelekea zaidi alikuwa mgonjwa wakati ule.

Sasa twaja kwenye swali ambalo binti ametuuliza hasa: je, dini yasemaje? Wako watu wema wanaodhani kwamba kumtetea muuaji kwa kusema alikuwa mgonjwa ni ujanja wa Wazungu wa kuzikimbia hukumu za Mwenyezi Mungu. Hawakusoma. Imepokewa katika vitabu vya Sunna kwamba Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kuwa kalamu ya hesabu imeinuliwa kwa watu watatu: mwenye kulala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka akili imrudie. Na Abu Daud amepokea kwamba katika zama za Sayyidna Umar (r.a.) aliletwa mwanamke mwenye wazimu aliyezini, ikaamriwa apigwe mawe. Sayyidna Ali (r.a.) akakutana nao njiani wakimpeleka, akauliza, akaambiwa kwamba ni mwenda wazimu wa kabila fulani. Akawarudisha, akamwendea Khalifa na kumkumbusha yale mafundisho ya kalamu. Umar akamwachilia mwanamke yule. Tazameni basi: hukumu ilikwisha kutoka, watu walikwisha kuondoka naye, na mtu mmoja mwenye ilimu alisimama njiani.

Liko na jambo lililo karibu zaidi na kazi hii. Maiz bin Malik alipokwenda kwa Mtume (s.a.w.) kukiri zinaa kwa ulimi wake mwenyewe, Mtume hakuharakisha. Alimgeuzia uso mara kwa mara. Aliuliza kama mtu huyo ana wazimu, akatuma watu kwa jamaa zake wawaulize wamjuavyo akilini, nao wakasema ni mzima. Tena ikachunguzwe kama amelewa, mtu akasimama akamnusa kinywa. Haya yamo katika Sahihi Muslim. Kuuliza akili yake, kuuliza jamaa zake, kuchunguza kilevi: sisi hatuoni tofauti kubwa baina ya mambo hayo matatu na yale yatendwayo Isanga katika siku 42.

Wanachuoni wote wameafikiana kwamba mwenye wazimu halipizwi kisasi. Katika mambo ya mali wamehitilafiana, na hili twalitaja kwa kuwa tuliulizwa Tabora. Mahanafi wasema kwamba mwenda wazimu aliyemuua ndugu yake hazuiwi kumrithi. Mashafii, ambao ndio wengi katika nchi zetu, wasema kila muuaji huzuiwa, hata asiye na kosa. Mwenye jambo kama hilo nyumbani kwake na amwendee sheikh wake.

Na kuhusu kuwatibu, Waislamu hawakuanza jana. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kilichoitibu nafsi pamoja na mwili, akieleza huzuni, hofu, hasira na wasiwasi kama mambo ambayo tabibu ana dawa nayo. Damascus palijengwa hospitali na Nuruddin Zengi mwaka 1154, Cairo ikajengwa ya Sultani Qalawun mwaka 1284, na katika hospitali hizo wenye maradhi ya akili walikuwa na sehemu yao. Karibu nasi zaidi, katika Sudan, alikuwako Dokta Tijani al-Mahi (1911–1970), Mwislamu na mmoja wa Waafrika wa kwanza kuwa mabingwa wa utabibu wa akili, ambaye hakuona haya kukaa na mashekhe waliowatibu watu kwa Qurani ili ajue wafanyalo na washirikiane. Baada ya mapinduzi ya Oktoba 1964 alikuwa hata mmoja wa wajumbe wa baraza la ukuu wa nchi yake.

Mfano wa kinyume tunao Nairobi. J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari, aliandika kitabu kilichotolewa mwaka 1953 na Shirika la Afya la Ulimwengu, akidai kwamba Mwafrika haitumii barabara sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mtu mwenye fikira hizo ndiye aliyekuwa akisema nani ana wazimu na nani hana. Twalitaja hilo si kwa kufukua makaburi, bali kwa kuwa ladhihirisha kwa nini kazi hii yataka watu waliozaliwa katika lugha na desturi za hao wanaopimwa.

Na hapa Tabora ina ilimu yake. Katika Unyamwezi na Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na macho mekundu, ambayo aghalabu ni ya moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, yamechukuliwa kuwa ushahidi. Mtu akiletwa mbele ya tabibu naye asema, "Nilimuua shangazi kwa sababu alikuwa ananiroga," tabibu aliyesoma ng'ambo na asiyewajua watu hawa aweza kuandika kwamba ni wazimu. Au, akiisha kusikia kwamba wote huko huamini hivyo, aweza kuandika kwamba si wazimu hata kidogo. Zote mbili zaweza kuwa makosa. Imani ya kijiji kizima, ijapokuwa ni batili na ni dhambi, si maradhi. Aliyeua kwa imani hiyo, akapanga na wenzake, akalipa watu wa mapanga, huyo ni muuaji mwenye akili. Lakini mgonjwa naye huchukua maneno ya kijijini kwake kuivalisha hofu yake. Tofauti huonekana kwa wale wenzake: jamaa na majirani, ambao wenyewe huogopa wachawi, husema, "La, huyu amezidi. Asema redio inamtaja jina. Asema mama yake mzazi amebadilishwa na mtu mwingine." Tabibu apaswa kuwasikia watu hao kwa lugha yao. Mtu asemaye kwamba mdudu anatembea kichwani, au kwamba moyo wake unakwenda mbio na kichwa kinawaka, anasema jambo ambalo mkalimani aliyechoka atalifupisha kuwa "kichwa kinamwuma", na yote yamekwisha hapo.

Juu ya pepo na majini hatutasema mengi. Majini wametajwa katika Qurani, wala Mwislamu hawakanushi, na kumsomea mgonjwa ni jambo jema. Lakini kumfunga mgonjwa mnyororo miezi sita uani, kumnyima chakula ili pepo achoke, au kumpeleka kwenye ngoma za Waswezi akapungwe mpaka azimie, halafu akiisha kumpiga mtu shoka ndipo tukakumbuka hospitali, huko si kutegemea Mungu. Mtume (s.a.w.) ametuamuru tujitibu. Wengi wa hao waliofika Isanga walikuwa na dalili muda mrefu kabla ya siku ile mbaya, na jamaa zao walizijua.

Twataka pia akina mama wasome maneno haya. Wako wanawake ambao baada ya kujifungua akili hugeuka, hawalali, hawali, husikia sauti, na katika hali hiyo mwingine humdhuru mtoto wake mwenyewe. Sheria ya Tanzania imelijua jambo hili: mama akimuua mtoto wake aliye chini ya miezi 12 hali akili yake ilikuwa haijatengemaa kwa sababu ya uzazi au kunyonyesha, hahesabiwi kuwa ameua kwa kukusudia, bali kosa lake hushushwa na kuwa sawa na la kuua bila ya kukusudia. Ni nani atakayekaa na mama huyo akamwuliza habari za maziwa yake na damu yake? Tukisema kwamba kazi hii si ya wanawake, twamwacha yeye mikononi mwa wanaume peke yao.

Ama bangi na gongo, vijana wasijidanganye. Ulevi si udhuru, ila mtu akiwa amenyweshwa na mwingine kwa hila, au akiwa ulevi wenyewe umemfikisha kwenye wazimu wa kweli.

Njia ya masomo ni ndefu, na binti yetu aijue kabla hajaianza. Baada ya kidato cha sita kuna miaka 5 ya udaktari, katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho mwanzo wake ni shule ya udaktari ya mwaka 1963, au Bugando kule Mwanza, au KCMC Moshi, au Chuo Kikuu cha Dodoma kilicho jirani na Mirembe yenyewe. Kisha mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Kisha miaka 3 ya ubingwa wa maradhi ya akili. Atakayetaka kuzama zaidi katika mambo ya mahakama huenda akalazimika kusafiri nje, na wengi hujifunza kazi hiyo kwa kukaa na wagonjwa wa Isanga na kwa kusimama kizimbani. Ni karibu miaka 10, na mshahara, tusifiche, haushindi wa daktari wa upasuaji. Lakini nchi yenye watu zaidi ya milioni 60 haina hata bingwa mmoja wa akili kwa kila watu laki moja. Asiyeweza udaktari asikate tamaa: wauguzi wa akili, wataalamu wa saikolojia na maofisa wa ustawi wa jamii wote wahitajiwa, na mara nyingi ofisa wa ustawi wa jamii ndiye aendaye mpaka kijijini kuuliza yale ambayo daktari hawezi kuyapata akiwa Dodoma. Na wanasheria wetu vijana wasomao Morogoro katika Chuo Kikuu cha Waislamu, wanaofundishwa sheria za nchi na sharia pamoja, wangefaa sana kulijua somo hili.

Tulifika Tabora alfajiri. Nyumba ya binti iko Isevya, nasi tulipokewa kwa heshima, ingawa mama alipojua tumekuja kwa habari gani aliingia ndani na hakutoka mpaka chai ilipokuwa tayari. Hoja zake alizisema kwa upole na hazikuwa za kijinga. Alihofia binti kupigwa na mgonjwa. Alihofia khalwa, mwanamke peke yake na wanaume wageni. Zaidi ya yote alihofia maneno ya watu, kwamba posa hazitakuja. Juu ya mbili za kwanza tulimjibu kwamba mgonjwa wa Isanga haonwi na daktari peke yake chumbani. Wauguzi na walinzi huwapo. Juu ya posa hatukuwa na jibu.

Bibi alisubiri mwanawe amalize, kisha akatuambia. Kijana wake wa kiume, mjomba wa binti, miaka mingi iliyopita alimpiga baba yake mdogo kwa mwiko wa kusongea ugali, akampiga tena na tena mpaka akafa. Alikuwa akisema kwamba mzee yule anamwekea nyuki kichwani. Walikuwa wamekwisha kumpeleka kwa waganga watatu. Alipokuwa Isanga bibi alisafiri kwenda kumwona, na daktari wa huko, mtu mzima, alimketisha tangu asubuhi mpaka adhuhuri akimwuliza habari za mwanawe: alizaliwaje, alianza kusema lini, alianguka lini kwenye mwembe, alianza lini kuogopa kula chakula cha nyumbani. "Polisi waliniuliza alimpigaje," bibi alisema. "Waganga waliniuliza nina nani adui yangu. Yule ndiye wa kwanza kuniuliza mwanangu alikuwa mtoto wa namna gani."

Mahakama ilimwona mwanawe hana hatia kwa sababu ya maradhi. Alikaa Isanga miaka mingi. Alipoonekana amepona kiasi cha kuachiliwa, jamaa wa upande wa baba walisema hawamtaki, na twafahamu uchungu wao, kwani waliomzika ni ndugu yao. Wako wagonjwa ambao hubaki hospitalini si kwa maradhi bali kwa kukosa pa kwenda. Bibi akasema yeye ana chumba. Sasa kijana yule, ambaye si kijana tena, hukaa uani kwa mama yake, humeza vidonge vyake kila baada ya sala ya isha mbele ya macho ya bibi, naye huotesha miche ya miembe katika makopo ya maziwa na kuiuza sokoni. Msikitini, bibi alisema, bado huachiwa nafasi kidogo katika safu, upande wa kulia na wa kushoto.

Baba wa binti, ambaye hakuwa amesema neno tangu tulipoingia, aliposikia hilo la msikitini aliinama, akasema kwamba ni kweli, na kwamba yeye pia humwachia nafasi.

Jioni tulimkuta mjomba uani, tukamwuliza anaonaje habari za mpwa wake. Alifikiri kwa muda. "Mwambieni," akasema, "akifika kule asiwaulize watu kwanza kwa nini umeua. Awaulize kwanza kama wamelala." Kisha akachukua ndoo akaenda kumwagilia miche yake, kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kushuka.